Kutoka Narita na Haneda kuingia Tokyo kwa treni, na mitaa ya stesheni unazoshukia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mtu akishakata tiketi ya ndege ya Tokyo, kwa iyo nimeyaweka sehemu moja. Msimamo wangu utauona humu kote, nausema mapema: usichague treni kwa kuhesabu dakika, chagua kwa kuangalia inakushusha stesheni gani. Dakika 15 ulizookoa utazisahau siku iyo iyo, ila stesheni uliyoshukia ndo Tokyo yako ya kwanza, na watu wengi wanaipita mbio wakikimbilia hoteli alafu hawarudi tena.

Narita na Haneda, tofauti ni nini hasa?

Umbali. Haneda iko ndani ya Tokyo kabisa, kando ya ghuba, na dakika 15 au 20 za treni zinakutosha kuwa katikati ya mambo. Narita iko mkoa wa jirani wa Chiba, kilomita 60 na zaidi kutoka stesheni ya Tokyo. Ilifunguliwa 1978 na kwa miaka mingi abiria walikua wanashushwa na treni mbali na jengo wanamalizia kwa basi, mpaka 1991 ndo reli ikaingia chini ya jengo lenyewe la abiria. Leo ukitoka forodha unashuka ngazi tu, treni iko chini yako.

Nimeshuka Narita, nipande ipi?

Kuna njia tatu za maana na zote zinaanzia chini ya uwanja.

Ya kwanza ni Narita Express, wenyewe wanaandika N'EX, ni ya JR, kampuni kubwa ya reli ya Japani. Inaenda stesheni ya Tokyo kwa muda wa saa moja hivi au pungufu kidogo, alafu inaendelea Shinagawa, Shibuya na Shinjuku. Viti vyote vina namba. Nauli mpaka Tokyo ni yeni 3,000 na kitu.

Ya pili ni Skyliner ya kampuni ya Keisei, inaenda Nippori na Ueno. Hii ndo yenye mbio, inafika kilomita 160 kwa saa kwenye reli mpya iliyofunguliwa 2010, na kutoka stesheni ya Terminal 2 na 3 mpaka Nippori inaweza kuchukua dakika 36 tu. Nauli yeni 2,500 na kitu, viti vya namba pia.

Ya tatu watu wengi hawaambiwi: Access Express, ya Keisei hao hao, inapita reli ile ile ya Skyliner kwa sehemu kubwa lakini ni treni ya kawaida, viti vya kukaa ubavu ubavu, huhitaji kukata kiti, na bei ni karibu nusu ya Skyliner. Nyingi zinaingia moja kwa moja kwenye reli ya chini ya ardhi ya Asakusa, kwa iyo unashuka Asakusa bila kubadilisha treni. Kama umefikia upande wa mashariki wa jiji mi naona hii inazishinda zote mbili, na sisemi kwa sababu ya bei peke yake.

Sasa angalia: hizo njia tatu zinakushusha kwenye miji mitatu tofauti kabisa. N'EX inakupeleka Tokyo ya ofisi na ikulu ya mfalme, Skyliner inakupeleka Tokyo ya zamani ya masoko na makaburi na bustani, Access Express inakupeleka kwenye hekalu. Hilo ndo la kuamulia.

Stesheni ya "Narita" ndo uwanja wa ndege?

Hapana, na hapa watu wanapotea kila siku. Stesheni za uwanja ni mbili: Narita Airport Terminal 1, na Narita Airport Terminal 2·3. "Narita" peke yake ni mji wa Narita, dakika kama 10 kabla ya uwanja. Mimi mwenyewe nilishawahi kushuka pale na mabegi mawili siku ya kurudi nikidhani nimefika, nikasimama jukwaani natafuta alama ya ndege siioni, nikasubiri treni nyingine. Kama ndege yako iko karibu kuondoka hiyo sio hali unayotaka kuwa nayo. Soma jina lote mpaka mwisho.

Kadi ya Suica inatosha kupanda N'EX au Skyliner?

Haitoshi peke yake. Suica (na dada yake PASMO, zinafanya kazi sawa) inalipa nauli ya kawaida tu: unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha ukitoka, inakata yenyewe. N'EX na Skyliner zina malipo ya juu ya mwendo wa haraka, kwa iyo lazima uwe na tiketi ya kiti, unaikata kwenye mashine au dirishani au mtandaoni kabla. Ila kwa Access Express, monoreli na treni ya Keikyu (hizi mbili ni za Haneda, nitazieleza mbele) na treni zote za ndani ya jiji Suica inatosha kabisa.

Wageni wana Welcome Suica, inadumu siku 28, huweki amana, lakini salio likibaki hurudishiwi. Kwa iyo usijaze yeni 10,000 siku ya kwanza, jaza kidogo kidogo, mashine za kuongezea ziko kila stesheni na zina kitufe cha Kiingereza.

Kuna namna ya kupunguza bei?

Ipo. N'EX wana tiketi ya kwenda na kurudi kwa wenye paspoti za nje, kama yeni 5,000, kurudi kwako kuwe ndani ya siku 14. Ukilinganisha na 3,000 na kitu mara mbili unaona tofauti. Skyliner nao wanauza bei nafuu ukikata mtandaoni kabla ya safari.

JR Pass, ile tiketi ya siku kadhaa ya kupanda treni za JR, inafanya kazi kwenye N'EX na kwenye monoreli ya Haneda, haifanyi kazi Skyliner wala Keikyu. Lakini tangu Oktoba 2023 ile ya siku 7 ni yeni 50,000, kwa iyo kuinunua kwa ajili ya kutoka uwanjani ni kupoteza hela, inunue tu kama unaenda mbali kwa shinkansen, treni za mwendo kasi, mara kadhaa.

Mabegi je? Nataka kutembea kwanza kabla ya hoteli.

Hili swali nalipenda kwa sababu ndo siri yote. Mwenye sutikesi mkononi hatembei mtaa, anaukimbia.

Ndani ya N'EX kuna rafu za mabegi mwisho wa behewa zenye kufuli za namba, unaweka namba yako mwenyewe, unakaa kwa amani. Ukishuka, tafuta makabati ya kulipia, yapo kila stesheni kubwa, madogo ni kama yeni 400 na makubwa ya sutikesi yanakaribia au kufika 1,000. Mengi unalipa kwa Suica na kadi iyo iyo inakua ndo ufunguo wako. Mambo mawili ya kujua: makubwa yanajaa mapema, ikishafika saa 4 asubuhi siku ya wikendi Ueno au Tokyo unaweza kuzunguka sana, alafu malipo kwa kawaida wanahesabu kwa siku ya kalenda sio masaa 24, ukiweka jioni ukatoa asubuhi ni siku mbili.

Njia nyingine ni kutuma begi. Pale pale uwanjani kuna kaunta za kusafirisha mizigo, unawaandikia anwani ya hoteli, mara nyingi linafika kesho yake. Chukua nguo za siku moja kwenye begi la mgongoni, uingie jijini mikono mitupu. Kwa mtu mwenye watoto au wazazi wazee mi nasema fanya hivi bila kufikiria mara mbili, maana kubeba mizigo minne ya familia kwenye vichochoro vya stesheni kunamaliza nguvu ya siku nzima.

N'EX imenishusha stesheni ya Tokyo, niko chini sana, natokaje?

Majukwaa ya N'EX yako ghorofa ya 5 chini ya ardhi, kwa iyo usishangae eskaleta haziishi. Fuata alama za Marunouchi, sio Yaesu. Yaesu ni upande wa shinkansen na maduka, utauona siku nyingine. Marunouchi ndo unatokea kwenye jengo la matofali mekundu.

Ukifika juu usitoke haraka. Simama chini ya kuba uangalie juu. Jengo lilichorwa na mbunifu majengo Tatsuno Kingo likafunguliwa Desemba 1914. Mwaka 1945 mabomu yaliunguza makuba na ghorofa ya tatu, wakaezeka paa la muda, na hilo la muda likakaa zaidi ya miaka 60 mpaka walipolirudisha jengo kama lilivokua, wakamaliza 2012. Kwenye pembe za kuba kuna sanamu za wanyama wa nyota za Kijapani, lakini wako 8 na sio 12, na wale wanne waliokosekana walikuja kuonekana kwenye jengo lingine la Tatsuno huko Takeo, kusini mwa nchi. Na sakafuni karibu na geti la kusini la Marunouchi kuna alama ndogo sana, watu wanaikanyaga bila kujua, ndo pale waziri mkuu Hara Takashi alipochomwa kisu Novemba 1921.

Ukitoka nje vuka kwenda jengo la KITTE, lilikua posta, panda ghorofa ya 6 kuna bustani juu ya paa, bure, unaliona jengo la stesheni lote na treni zikiingia na kutoka nyuma yake. Ikulu ya mfalme ni mwendo wa dakika 10 ukinyoosha barabara pana iliyo mbele ya stesheni.

Kama bado una nguvu nenda kwa miguu kusini kuelekea Yurakucho. Reli inapita juu ya matao ya matofali ya mwaka 1910 na chini ya matao wameweka vibanda vya kuchoma kuku, moshi, viti vidogo, treni inapita kichwani glasi zinatikisika. Nenda jioni watu wakitoka kazini.

Na Ueno?

Kwanza jua kwamba Skyliner inaingia Keisei Ueno, ambayo sio Ueno ya JR. Ni majengo mawili, unatembea dakika chache kati yake, kwa iyo ukipanga kuunganisha na treni nyingine weka muda wa ziada. Kama unaunganisha na laini ya Yamanote, ile ya JR inayozunguka jiji, shuka Nippori, pale geti la Keisei na la JR zinaungana ndani kwa ndani.

Kwa kutembea Ueno ina kila kitu. Ukitoka tu una bustani ya Ueno, ya umma tangu 1873, ndani yake bustani ya wanyama ya 1882 iliyo kongwe kuliko zote Japani, makumbusho ya taifa, na makumbusho ya sanaa ya magharibi, jengo alilolichora mbunifu Le Corbusier, la 1959, iko kwenye urithi wa dunia tangu 2016. Sanamu ya samurai maarufu Saigo Takamori na mbwa wake iko pale karibu na ngazi, watu wanaitumia kama sehemu ya kukutana.

Upande wa pili wa reli ndo Ameyoko, soko lililoanza kama soko la magendo baada ya vita, samaki, viatu, viungo, nguo, wauzaji wanapaza sauti. Sasa fanya hivi, na hii ndo matembezi ninayoyapenda kuliko yote Tokyo: ingia Ameyoko ufuate reli kuelekea kusini, usiiache. Unafika Okachimachi, unaendelea, chini ya reli unakuta safu ya karakana za mafundi wa ngozi, mbao, vito, panaitwa 2k540. Jina hilo ni lugha ya mafundi wa reli, maana yake hapo uliposimama ni kilomita 2 na mita 540 kutoka stesheni ya Tokyo. Alafu unaendelea kidogo uko Akihabara kwenye vifaa vya umeme. Yote haijafika hata kilomita 2, na umepita Tokyo tatu chini ya reli moja.

Nippori ni ya kubadilishia treni tu?

Ndo watu wanavofikiria na wanakosea. Toka mlango wa magharibi. Ndani ya dakika chache una makaburi ya Yanaka, kimya, miti ya sakura, na humo kalala Tokugawa Yoshinobu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho wa Japani. Endelea utafika ngazi za Yuyake Dandan, "ngazi za machweo", chini yake mtaa mwembamba wa maduka wa Yanaka Ginza. Sehemu hii ilinusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la 1923 na pia mabomu ya vita, kwa iyo nyumba za mbao na mahekalu madogo bado yapo, na jinsi mitaa ilivopinda ndo ilivokua zamani.

Upande wa mashariki ni tofauti kabisa, kuna mtaa mzima wa vitambaa, makumi ya maduka, wanaoshona wanajua. Na pale mlango wa kaskazini kuna daraja la Shimogoinden, lina sehemu wameitengeneza maalum ya kuangalia treni, shinkansen na za kawaida zinapita chini yako bila kupumzika, watoto hawataki kuondoka.

Ukiniuliza mtu ana masaa matatu tu ya Tokyo aende wapi, namwambia Nippori.

Asakusa?

Senso-ji, hekalu kongwe la Tokyo, na geti la Kaminarimon lenye taa kubwa nyekundu. Mchana pamejaa mpaka unasukumwa. Nenda alfajiri au usiku baada ya maduka ya Nakamise kufunga, hekalu linawashwa taa na kuna nafasi ya kupumua.

Mimi nashukia Haneda.

Una mbili, Keikyu na monoreli.

Keikyu inaenda Shinagawa, dakika 15 hivi, bei yeni 330 au karibu na hapo. Stesheni moja mbele ya Shinagawa kwa Keikyu ni Sengakuji, hekalu lenye makaburi ya wale ronin 47, samurai waliobaki bila bwana, ubani unawaka pale kila siku. Hapo jirani, wakati wanajenga stesheni mpya ya Takanawa Gateway, walifukua tuta la mawe la reli ya kwanza ya Japani, ile ya Shimbashi kwenda Yokohama ya 1872, ambalo zamani lilipita juu ya maji ya bahari.

Monoreli ilifunguliwa Septemba 1964, wiki chache kabla ya Olimpiki, inaenda Hamamatsucho, yeni 500 na kitu. Ni ghali kuliko Keikyu lakini kama ni mchana na kuna mwanga ipande, inapita juu ya mifereji na maghala ya bandari, unaona jiji linakuja. Kaa upande wa dirisha. Ukishuka, bustani ya Kyu Shiba Rikyu iko mlangoni kabisa mwa stesheni, kiingilio yeni 150, ilikua ufukweni enzi za Edo (jina la zamani la Tokyo) kabla bahari haijafukiwa. Alafu nyoosha magharibi kwa dakika 10 unafika hekalu la Zojo-ji lenye geti la 1622, na nyuma yake Tokyo Tower, mita 333, ya 1958.

Nikishukia Shinjuku au Shibuya siku ya kwanza?

Inawezekana, lakini mi sishauri. Shinjuku ina milango zaidi ya 200 na mtu aliyetoka kwenye ndege masaa 14 hana akili hiyo. Nenda siku ya tatu.

Nitajuaje mlango wa kutokea?

Uamue kabla hujapanda ngazi ya kwanza. Kila jukwaa lina bango la njano lenye milango na majina ya sehemu zilizo karibu, soma ukiwa bado jukwaani, maana ukitokea mlango mbaya kwenye stesheni kubwa unaweza kutembea dakika 15 kuzunguka reli. Na ramani za mtaa zilizobandikwa nje ya stesheni, nyingi hazijaweka kaskazini juu, juu ni mbele yako ulikosimama unatazama. Ukijua hilo zinasomeka vizuri kuliko simu.

Beba pia daftari dogo. Stesheni nyingi zina muhuri wake wa mpira wenye picha ya kitu cha mtaa huo, upo karibu na geti, unagonga bure. Ukiona picha ya muhuri unajua wenyeji wenyewe wanaona nini ndo fahari ya pale, mara nyingi mimi naanzia hapo.

Kula ndani ya treni ni kosa?

N'EX na Skyliner kula ni sawa, nunua ekiben, boksi la chakula cha safari, ufurahie. Treni za kawaida za jijini watu hawali. Simu weka kimya usipokee, eskaleta simama kushoto, na takataka zako kaa nazo kwa sababu mapipa ni machache sana.

Saa za kuepuka?

Saa 1 na nusu mpaka saa 3 asubuhi siku za kazi, na mabegi usithubutu. Saa hizo baadhi ya treni zina behewa la wanawake tu, limeandikwa kwa rangi ya pinki sakafuni, wanaume msiingie kwa bahati mbaya.

Nina masaa machache tu kati ya ndege mbili Narita.

Hakikisha kwanza kama paspoti yako inahitaji viza ili utoke nje ya uwanja. Kama una masaa 8 au zaidi, Skyliner mpaka Nippori na kurudi inawezekana vizuri. Kama ni 5 au 6 usiende Tokyo, utakaa na saa mkononi hutaona kitu. Nenda mji wa Narita, ule ule niliosema watu wanashuka kwa makosa. Dakika 10 kwa treni, alafu unateremka na barabara ya Omotesando yenye mikahawa ya samaki aina ya mikunga wanaochinjwa na kuchomwa mbele yako, mpaka hekalu la Naritasan Shinsho-ji lililoanzishwa mwaka 940. Hakuna haraka, na uwanja uko pale pale.

Ndege yangu inafika usiku.

Narita N'EX inamaliza kabla ya saa 4 usiku, Skyliner inaendelea mpaka kuelekea saa 5. Treni za jijini zenyewe zinalala kati ya saa 6 na saa 7 usiku, zinaamka kama saa 10 na nusu alfajiri. Ukikosa zote, teksi kutoka Narita ni yeni 20,000 na kuendelea, kwa iyo bora ulale hoteli za pale uwanjani au mji wa Narita uingie asubuhi. Ukipanda ya kwanza kabisa ya Access Express unafika Asakusa maduka bado yamefungwa, hekalu lina watu wachache wanaoomba kabla ya kazi, na makabati ya mabegi yote yako wazi.